Nguo za mtoto agiza mtandaoni, dawa fuata famasi

Mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita hana sababu ya kubanana kwenye daladala hadi Kariakoo kutafuta beseni la kuogeshea mtoto. Anafungua simu, anaangalia picha, anauliza bei, na jioni bodaboda anagonga mlango. Kwa familia yenye mtoto mchanga hiyo si faida ndogo: mama anapumzika, kidonda kinapata nafasi ya kupona, na mtoto habebwi katikati ya watu wanaokohoa.

Soko lenyewe hapa nchini lina sura yake. Jumia, yenye jina kubwa Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wazazi wengi hununua kwa wauzaji wadogo wa Instagram na WhatsApp, ambao duka lao ni simu. Uzuri wao ni kwamba unaongea na mtu: unaomba picha nyingine, unapunguziwa, wengine wanakubali ulipe mzigo ukifika. Ubaya ni kwamba akaunti ikifutwa, duka nalo limekwenda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa namna hii ajitambulishe kwa jina na anwani. Anayejibu kila swali kwa "njoo inbox" na hataki kusema alipo, mwache.

Piga hesabu pia. Gauni la Sh15,000 likiletwa kwa Sh5,000, umenunua gauni la Sh20,000. Majirani watatu wakiagiza pamoja kwa muuzaji mmoja, nauli inagawanyika.

Gauni likibana, umepoteza fedha tu. Dawa ni habari nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni bandia au haina ubora. Dawa ya maji ya mtoto iliyozunguka juani kwenye pikipiki mchana kutwa inaweza kuharibika hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzima. Tena dozi ya mtoto hutegemea uzito wake. Mfamasia atauliza mtoto ana kilo ngapi; muuzaji wa mtandaoni atauliza unaishi wapi. Kwa hiyo dawa inunuliwe famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ina orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yake, na mzazi yeyote anaweza kuitazama.

Maziwa ya kopo nayo yasinunuliwe kwa picha. Tarehe ya mwisho wa matumizi na kifuniko ambacho hakijafunguliwa ni vitu vya kuona kwa macho na kushika kwa mkono.

Zaidi ya hayo, kuna krimu za kung'arisha ngozi, zinazotangazwa sana kwa akina mama waliotoka uzazi. Baadhi huwa na zebaki, ambayo huharibu figo na kuathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama aliyejipaka humbeba mtoto, mtoto humgusa kisha anatia vidole mdomoni. Kopo lisilo na orodha ya viambato halifai kuingia nyumbani.

Wapo pia wazazi walio upande wa pili, wanaouza. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, wakati mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Mama anayeuza mashuka kwa simu akiwa nyumbani anaweza kunyonyesha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini bando, nauli za mizigo iliyokataliwa na usingizi wa kujibu wateja usiku wa manane ni gharama, na wengi hawaziandiki. Ziandikwe kwa mwezi mmoja tu, ndipo faida ihesabiwe. Na kwenye picha za matangazo, nguo itundikwe kwenye henga. Si lazima mtoto wa nyumbani ndiye aonekane na maelfu ya watu wasiomjua, chini yake kukiwa na namba ya simu na mtaa anaoishi.