Kolwezi: Picha ya muhuri inayovuja rangi, tatizo si burashi bali wino

Kazi yenyewe inaonekana rahisi. Unachonga picha kwenye kipande cha mpira, unakipaka wino, unagonga kwenye karatasi, kisha unajaza rangi za maji kwa burashi. Muhuri mmoja wa picha unaweza kutoa kadi mia za ndoa, za ubatizo au za Mwaka Mpya. Shida inaanza pale burashi yenye maji inapogusa mstari mweusi. Mstari unatembea, gauni jeupe la bibi harusi linageuka kijivu, na karatasi inatupwa. Kwa mtu anayelipwa kwa kadi, kila karatasi inayotupwa ni faranga zake mwenyewe.

Wengi wanalaumu burashi, maji mengi au karatasi. Mara nyingi kosa liko kwenye wino.

Wino wa kawaida wa mihuri ya ofisi, wa buluu, zambarau au mweusi, ni rangi iliyoyeyushwa katika maji na gliserini. Gliserini inawekwa ili sifongo isikauke haraka. Ofisini hiyo ni faida, kwa mchoraji ni balaa: hata siku kadhaa baadaye, ukipitisha maji juu yake, rangi inayeyuka tena.

Kuna wino wa aina nyingine, wenye pigimenti, yaani unga laini usioyeyuka. Wachimbaji wadogo wanaosafisha mawe mtoni wanaijua tofauti hii bila kuisoma darasani. Chumvi ikiingia majini inapotea, vumbi la jiwe linabaki vumbi. Lakini hapa ndipo wanunuzi wengi wanadanganyika, kwa sababu neno «pigment» kwenye kiboksi halitoshi. Rangi za maji zenyewe zimetengenezwa kwa pigimenti, na bado zinalainika kila zinapoloweshwa, kwa sababu unga wake umeshikwa na gamu arabika, gundi ya miti inayoyeyuka majini. Swali la kumuuliza muuzaji si rangi imetoka wapi, bali imeshikwa na nini.

Na kwa wakaazi wa Lualaba, rangi hizo si ngeni kabisa. Buluu ya kobalti, iliyotengenezwa na Mfaransa Thénard mwaka 1802, inatokana na madini yaleyale ambayo leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya yote yanayochimbwa duniani. Buluu na kijani za ftalosianini, zinazotumika sana viwandani kuchapisha magazeti na vitabu, zina shaba ndani yake. Kobalti na shaba zinaondoka kwa malori. Rangi inarudi katika vitube vidogo vya bei kubwa.

Basi ni wino upi? Wino wa China, ambao wanafunzi wa ufundi wanaujua, ni masizi yaliyoshikwa na gundi. Ukiwa na shelaki hausogei tena ukishakauka. Ukiwa na gundi ya kawaida utatembea. Ubaya wake ni kwamba ni mwepisi mno kwa muhuri, unajaa kwenye mikato midogo, na ukikaukia kwenye mpira picha imeharibika. Unafaa zaidi kwa michoro yenye mistari minene. Kwa mistari myembamba, wino wa pigimenti wenye mafuta, kama VersaFine ya Wajapani, unatoa picha safi zaidi, ila unahitaji subira kukauka. StazOn inakauka haraka na inashika hata kwenye plastiki, lakini kuusafisha muhuri baada yake kunahitaji dawa yake maalumu.

Kwamba rangi za maji zinaweza kudumu, mfano uko karibu. Mwaka 1926 huko Bukama, kwenye mto Lualaba kaskazini mwa Kolwezi, afisa Mbelgiji Georges Thiry aliona picha kwenye kuta za nyumba, akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Miongoni mwao walikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, na mkewe Antoinette. Wao walichora kwa mkono, si kwa muhuri. Picha za ukutani huondoka na mvua. Zile za karatasi zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na zikaonekana tena Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo.

Kushinda maji, hata hivyo, si kushinda muda. Wapigakura hawajasahau kadi za mwaka 2023 ambazo maandishi na sura zilififia miezi michache baada ya kutolewa, hadi CENI ikatoa nakala nyingine kabla ya uchaguzi wa Desemba 20. Kadi ya ndoa nayo itawekwa ukutani, penye jua.

Kabla ya kununua chupa kubwa, gonga muhuri mara tatu kwenye karatasi ileile utakayotumia. Pitisha burashi yenye maji kwenye picha ya kwanza baada ya dakika kumi, ya pili baada ya saa moja, ya tatu kesho yake. Angalia mstari, halafu angalia maji ya kuoshea burashi: yakiwa na kivuli cha wino, bado. Na kati ya Novemba na Machi, hewa ikiwa na unyevu wa mvua, wino wa mafuta uachiwe usiku mzima, hata kama mwenye harusi anapiga simu.