Alifariki siku nne kabla ya furaha aliyoisubiri, wimbo wake bado waimbwa

Katikati ya Februari, wakati baridi ya Chicago bado haijalegea, wachezaji wa timu ya besiboli ya Cubs huripoti kambini Mesa, jimbo la Arizona, kwenye jua. Wanaotangulia ni warushaji na wadakaji. Siku hiyo hakuna mechi wala pointi. Lakini kwa mashabiki inatosha: redio inawashwa, kofia inatolewa kabatini, na maneno ya kila mwaka yanarudi mdomoni kwamba safari hii ni zamu yetu.

Kwa miaka 108 maneno hayo hayakutimia. Cubs walitwaa ubingwa mwaka 1908, wakaja kuupata tena Novemba 2016. Mtu aliyezaliwa Chicago mwaka 1909 na akajaliwa kuishi miaka 100 alizikwa bila kuuona. Shabiki wa Simba au Yanga anayenuna kwa msimu mmoja bila kombe aipige hesabu hiyo taratibu.

Katika familia nyingi za jiji hilo, timu hurithiwa kama jina la ukoo. Babu alimpeleka baba uwanjani Wrigley, baba naye akampeleka mwanawe. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1914, na hadi Agosti 1988 haukuwa na taa, hivyo mechi za nyumbani zilichezwa mchana tu. Ukuta wake wa nyuma umefunikwa na majani ya mmea unaotambaa, ambao mtoto akiuona mara moja hausahau.

Mmoja wa watoto waliokulia katika ushabiki huo ni Steve Goodman, aliyezaliwa Chicago Julai 25, 1948. Alikuja kuwa mwanamuziki wa gitaa. Wimbo wake kuhusu treni, “City of New Orleans”, ulijulikana sana baada ya Arlo Guthrie kuuimba mwaka 1972.

Mwaka wa majonzi mawili

Mwaka 1969, Cubs waliongoza kundi lao kwa muda mrefu. Mashabiki wakaanza kuhesabu siku. Ilipofika Septemba timu ikaporomoka, na msimu ukaisha ikiwa nyuma ya Mets wa New York kwa tofauti ya michezo minane. Wazee wa Chicago husimulia habari za mwaka huo kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumzia msiba.

Kwa Goodman, hilo halikuwa pigo kubwa zaidi la mwaka ule. Akiwa na miaka 20 hivi, aliambiwa ana saratani ya damu. Katika ugonjwa huu, uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa ambako damu hutengenezwa, huanza kuzalisha chembe nyeupe zisizokomaa. Chembe hizo huongezeka na kuzibana zile nzima. Mgonjwa hupungukiwa damu, hushambuliwa na maambukizi kirahisi na hutokwa damu kwa urahisi.

Leo, katika nchi zenye uwezo, watoto wengi wanaopata aina ya saratani ya damu iliyozoeleka zaidi utotoni hupona. Miaka ile hali ilikuwa nyingine kabisa. Goodman alitibiwa kwa dawa kali, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena. Katikati ya hayo alioa, akapata mabinti watatu, akazunguka na gitaa lake jukwaa hadi jukwaa. Wengi waliompigia makofi hawakujua anaumwa.

(Mzazi, dalili za kutopuuza kwa mtoto ni homa isiyoisha, kupauka, michubuko isiyo na sababu, kutokwa damu puani au kwenye fizi mara kwa mara, na maumivu ya mifupa. Mara nyingi huwa ni tatizo jingine dogo, lakini kipimo cha damu ndicho kitakachosema.)

Wimbo wa huzuni, kisha wa furaha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Goodman alitunga “A Dying Cub Fan's Last Request”, wimbo wa shabiki mzee aliye kitandani akikaribia kufa, anayeagiza mazishi yake yafanyike Wrigley. Una utani mwingi, na watu walicheka. Aliyejua hali ya mtunzi alicheka kwa shida.

Inasimuliwa kuwa uongozi wa timu haukuupenda, ukiona unawavunja watu moyo. Mwaka 1984, redio ya WGN iliyokuwa ikitangaza mechi za Cubs ilipohitaji wimbo mpya, Goodman akaleta “Go Cubs Go”, mwepisi na wa kuchangamsha, ambao hata mtoto wa chekechea anaushika kwa siku moja. Ni mtu yule yule, mwenye ugonjwa ule ule.

Msimu huo Cubs walikuwa wakishinda. Zilikuwa zimepita karibu miaka 40 tangu wacheze mechi za baada ya msimu wa kawaida. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1945, fainali ambayo inakumbukwa kwa kisa cha mbuzi: William Sianis, mwenye baa, alikuja uwanjani na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, na inasemekana mwenyewe akaondoka akiilaani timu. Cubs walifungwa na Detroit. Ukicheka, jua kuna watu wazima na elimu zao waliokiamini kisa hicho kwa miongo kadhaa.

Goodman alikuwa amepangwa kuimba wimbo wa taifa kwenye mechi ya kwanza ya mtoano. Alikuwa Seattle, alikokwenda kupandikizwa uboho, tiba iliyokuwa bado ya hatari kubwa. (Siku hizi tiba hiyo imefika hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu.) Ini na figo zake zilishindwa kufanya kazi. Alifariki Septemba 20, 1984 akiwa na miaka 36.

Septemba 24, Cubs walijihakikishia nafasi ya kwanza katika kundi lao.

Oktoba 2 mechi ilichezwa Wrigley, na wimbo wa taifa ukaimbwa na rafiki yake, Jimmy Buffett. Cubs walishinda 13-0. Wakashinda na ya pili, wakabakiza ushindi mmoja tu kuingia fainali, wakapoteza tatu mfululizo dhidi ya San Diego. Kwa hiyo hata angeishi wiki chache zaidi, angeishia kulia na wenzake. Miaka michache baadaye baadhi ya majivu yake yalimwagwa uwanjani Wrigley.

Kwa nini mechi za utotoni hazifutiki

Watafiti wa ubongo wanajua kuwa mtu mzima akiulizwa kumbukumbu za maisha yake, nyingi humjia kutoka umri wa kati ya miaka 10 na 30. Ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, huanza kwa kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anaweza kusahau alichokula asubuhi, lakini akakutajia kikosi cha mwaka 1969 bila kukosea jina.

Jijini St. Louis, kwa mahasimu wa Cubs, wazee wenye tatizo hilo wamekuwa wakikutanishwa kuzungumzia besiboli ya enzi zao. Mazungumzo ya namna hiyo hayaponyi. Huinua hali ya mgonjwa, na humpa mkewe au mwanawe saa moja ya kuzungumza na mtu anayemfahamu.

Majina ya chaki

Cubs walipofika fainali mwaka 2016, watu walianza kuandika kwa chaki kwenye kuta za matofali za Wrigley. Waliandika majina ya baba, mama, babu na bibi waliofariki wakisubiri. Siku zilivyokwenda majina yakajaa, na walioandika juu walibebwa mabegani au walikuja na ngazi. Mwanamume mmoja aliendesha gari kutoka North Carolina hadi Indiana, akakaa kando ya kaburi la baba yake na kusikiliza mechi ya mwisho redioni, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kuisikiliza pamoja.

Mechi hiyo ilichezwa Cleveland. Mvua iliisimamisha kwa dakika 17 matokeo yakiwa sare, kisha Cubs wakashinda 8-7, usiku wa manane ukiwa umeshapita. Ernie Banks, mchezaji wao mpendwa kuliko wote, ambaye kila mwanzo wa msimu alitabiri ubingwa na hakuwahi kucheza fainali hata moja, alikuwa amefariki Januari 2015.

Siku hizi Cubs wakishinda nyumbani, watu hawaondoki mara moja. Husimama na kuimba “Go Cubs Go”. Watoto wanaouimba kwa sauti ya juu kuliko wote walizaliwa miaka mingi baada ya Goodman kufariki, na wengine huuliza ni nani aliyeutunga. Wazazi wao huwasimulia wakielekea kituo cha treni.