Msiifuate Reli: Njia za Baiskeli Zisizo na Magari Morogoro Ziko Kwingine

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. Mtu ameona video ya familia ya Kifaransa ikiendesha baiskeli kwenye njia nyoofu iliyofunikwa na miti, hakuna gari wala honi, mtoto wa miaka sita yuko mbele na bibi yuko nyuma. Kisha ananiuliza: "Na sisi si tuna reli ya zamani hapo Morogoro? Reli ya kisasa, SGR, imeshaanza, ile ya Mjerumani imekufa. Kwa nini tusipite hukohuko?" Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nimeulizwa hivyo na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na vijana wanaokuja kutembea mwisho wa wiki, na juzi nimeulizwa na mwalimu anayetaka kupeleka darasa zima. Mwalimu ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa sababu mtu mzima akijihatarisha ni jambo moja, na watoto arobaini juu ya tuta la reli ni jambo jingine kabisa.

Jibu ni hapana. Na kwa kuwa hapana tupu haijawahi kumzuia mtu, nitaeleza.

Kwanza, reli hiyo haijafa. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na hadi leo Shirika la Reli linapitisha treni juu yake. SGR imechukua abiria wengi wa Dar, Morogoro na Dodoma, ndiyo, lakini reli ya upana wa mita moja bado ina kazi. Watu wanaona treni zimepungua, wanahitimisha kwamba njia ni salama zaidi. Ni kinyume chake. Njia yenye treni kila saa inakuweka macho. Njia yenye treni moja ya mizigo isiyojulikana itapita saa ngapi inakulaza. Upepo ukivuma kutoka mbele, majani yakiwa marefu na tuta likikata kona, treni inayotoka nyuma huisikii mpaka imekaribia mno. Nawe uko juu ya tuta, pembeni kuna mteremko wa mawe, mkononi una baiskeli yenye mizigo.

Pili, hebu itazameni reli kwa karibu, si kwenye picha. Kokoto zake zimepasuliwa makusudi ziwe na ncha, ili zishikane na kuyabana mataruma yasisogee. Zinashikana vizuri chini ya uzito wa treni. Chini ya tairi la baiskeli zinakimbia, gurudumu la mbele linageuka, na jiwe moja lenye ncha linaubana mpira wa ndani dhidi ya rimu na kuutoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukihamia katikati ya reli utakutana na mataruma. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa unasafiri karibu mita 3 kila sekunde, na mataruma yamepangwa kwa umbali usiofika mita moja. Maana yake ni pigo baada ya pigo, manne kila sekunde, kwenye spoku, kwenye keria na kwenye uti wa mgongo. Hakuna baiskeli ya Phoenix wala ya milioni tatu iliyotengenezwa kwa adhabu hiyo.

Halafu kuna madaraja. Daraja la reli halijengwi kwa ajili ya mtu. Kati ya taruma na taruma ni uwazi, chini unaona maji ya Ngerengere au makorongo makavu, na pembeni mara nyingi hakuna pa kukanyaga. Mtu anayeingia hapo akisukuma baiskeli anakuwa amejifungia katikati ya njia ya treni bila pa kukimbilia.

Wapo wanaonijibu kwamba wanakijiji hupita kila siku kwenye kanjia kembamba kando ya tuta. Ni kweli hupita. Wanatembea kwa miguu, wanajua kila karavati na kila mahali pa kuteremkia, na wengi wao wangefurahi kupewa njia nyingine. Kanjia hako hukatika penye kila karavati na kila mahali reli ilipochimbwa kupita kwenye kilima. Na muda wote uko ndani ya hifadhi ya reli, mahali ambapo hutakiwi kuwa. Kuhusu SGR yenyewe sitapoteza wino mwingi: imezungushiwa uzio, nyaya zake zinabeba volti 25,000, na treni yake hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Uzio ule si mapendekezo.

Sasa turudi Ufaransa, maana kosa lilianzia kwenye kuisoma vibaya. Mwaka 1879 serikali ya Ufaransa, chini ya mpango wa waziri Freycinet, iliamua kupeleka reli mpaka kwenye wilaya za mashambani. Zikajengwa njia ndogondogo nyingi kuliko mahitaji, na mabasi na magari yalipokuja, zikafungwa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo Wafaransa walibaki na matuta matupu, yasiyo na treni wala matumaini ya treni. Hapo ndipo baiskeli ilipoingia. Kati ya Givry na Cluny, huko Bourgogne, kilomita 44 zilifunguliwa mwaka 1997 kuwa njia ya kijani ya kwanza ya nchi. Hawakuendesha juu ya reli. Waling'oa vyuma, wakaondoa mataruma, wakasawazisha tuta, wakaweka lami laini, wakazuia magari yasiingie. Njia nyingine nyingi zinafuata kingo za mifereji, palipokuwa na njia ya farasi waliovuta mashua. Kote huko kazi ya kwanza ilikwisha kabisa kabla ya kazi ya pili kuanza.

Tanzania haikuwahi kuwa na reli za ziada za namna hiyo. Reli iliyokufa kweli ni kama ile ya kusini, ya mpango wa kikoloni wa kilimo cha karanga, kati ya Mtwara na Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Anayetaka tuta lisilo na treni aanzie huko. Morogoro si mahali pake.

Na kuna jambo la msingi zaidi ambalo video hazionyeshi. Watu wanadhani uzuri wa njia zile ni kukosekana kwa magari. Hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba treni haiwezi kupanda mlima mkali. Mhandisi wa reli hulazimika kuchimba, kujaza na kuzunguka ili njia isiinuke zaidi ya mita mbili au tatu katika kila mita 100, na ndiyo maana mtoto wa miaka sita na bibi yake wanafika. Ufaransa magari yalizuiwa kuingia kwenye ardhi iliyokwisha kulainishwa. Kwenye milima yetu ya Uluguru, hapa Morogoro, magari hayapo kwa sababu yameshindwa kupanda. Pale ambapo lori la Fuso linakata tamaa, paja lako nalo litaulizwa swali.

Hesabu ni rahisi. Mtu, baiskeli na mizigo vikifika kilo 100, kupanda mita 1,000 kwenda juu kunadai nguvu ambayo mwendeshaji wa kawaida mwenye mazoezi, asiyesimama, huitoa kwa karibu saa mbili. Hapo sijahesabu changarawe, jua wala mashimo. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lupanga inayouangalia mji ni mita 2,138, na Kimhandu, kilele cha Uluguru, imepita mita 2,600. Kwa hiyo swali "wapi hakuna magari?" halitoshi. Ulizeni pia: panapanda kiasi gani, mvua imenyesha lini, na gulio ni siku gani.

Mvua, kwa sababu upande wa mashariki wa milima unapokea upepo wa bahari na kunyeshewa zaidi ya mara mbili ya mjini. Njia ya udongo mwekundu iliyokuwa ngumu jana, leo inateleza kama sabuni. Gulio, kwa sababu barabara iliyo tupu Jumanne hujaa pikipiki na malori siku ya soko, yote yakiwa na haraka ya kuwahi. Siku za soko hutofautiana kijiji kwa kijiji. Mwulize dereva wa bodaboda. Ndiye mwenye kalenda.

Na kabla hamjauliza: hapana, barabara kuu alfajiri si jibu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na malori ya Zambia na Kongo hayajawahi kulala. Mbele ya Morogoro barabara hiyo inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, pana tembo na simba. Kipande hicho pakieni baiskeli kwenye gari.

Basi pa kwenda ni hapa.

Anayeanza aende Mazimbu. Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, ambayo hadi 1992 ilikuwa ya wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini, ina barabara tulivu na miti ya kutosha. Aripoti getini, azunguke, ajifunze gia zake.

Anayetaka tambarare ndefu, atafute mashamba ya mkonge upande wa Tungi na Kingolwira. Barabara za shamba zimenyooka, magari ni ya shamba tu, na hapo ndipo penye sura ya karibu zaidi na Ufaransa mtakayoipata. Ni mali ya watu: ombeni ruhusa ofisini kwanza, nendeni asubuhi, na chungeni miiba ya mkonge, inatoboa kuliko msumari.

Mwenye miguu aende Mgeta. Acheni barabara kuu upande wa Mzumbe, anzeni kuhesabu safari Mlali, pandeni taratibu kuelekea Langali na Nyandira katikati ya matuta ya kabichi, karoti na njegere. Laleni huko. Msishuke jioni: ndio muda wa malori ya mboga yanayowahi soko la Dar.

Upande wa mashariki, Bigwa hadi Kiroka na Mkuyuni, kisha mkachepuke kwenda Kinole kwenye migomba, mananasi na viungo. Juni hadi Septemba tu. Barabara ya Bigwa kwenda Kisaki imo katika mpango wa lami. Lami ikifika, mwendo wa magari nao utapanda, kwa hiyo tumieni zaidi michepuko kuliko barabara yenyewe.

Njia ya Morningside ni fupi na kali, na sehemu kubwa mtasukuma. Kupita hapo kuelekea Bondwa mnaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Pateni kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) mjini kabla. Mkiifuata barabara ya Bigwa mbali zaidi, Mvuha na Kisaki ni tambarare, joto kali, maji machache, na mnaelekea mpakani mwa Hifadhi ya Nyerere, kwa hiyo msiende peke yenu na msiendeshe giza likiingia.

Kuhusu baiskeli: breki kwanza. Raba za breki mpya mbele na nyuma, na jozi ya akiba mfukoni. Kwenye mteremko mrefu breki ikibanwa mfululizo rimu inapata moto. Bana, achia, bana, simama penye kivuli, gusa rimu kwa tahadhari, uendelee. Breki za fimbo za baiskeli za zamani ziacheni tambarare. Viraka, solusheni, pampu, kipande cha cheni. Lita tatu za maji kwa kila mtu. Ukifika kijijini usichokijua, pita ofisi ya kijiji, jitambulishe, sema unakoelekea. Kwenye njia za miguu wewe ndiye mgeni: mama anayeshuka na beseni la nyanya kichwani hawezi kukupisha ukingoni mwa korongo, na hatakiwi kukupisha. Shuka, egesha baiskeli upande wa mlima, msalimie, apite kwanza.

Neno la mwisho si kwa waendesha baiskeli peke yao. Kila kipindi cha mvua, Waluguru hujenga upya kwa mikono yao vijidaraja vya magogo kwenye njia hizi, ili watoto wafike shule na ndizi zifike barabarani. Fedha za barabara hufuata magari, kwa hiyo mahali pasipofika gari fedha nazo hazifiki. Wanaoniomba "njia kama ya Ufaransa" wangeiomba halmashauri ijenge vijidaraja hivyo kwa zege, vyenye upana wa mtu na baiskeli yake, visivyopitisha gari. Gharama ya kijidaraja kimoja ni ndogo kuliko ya kilomita moja ya lami, na wa kwanza kunufaika atakuwa mkulima wa Kinole anayevuka hapo kila siku. Hizo ndizo njia zetu zisizo na magari. Zipo tayari, zina wenyewe, na zinahitaji zege kuliko zinavyohitaji jina.