Fahamu: Picha zinazopita juu ya video
Kwenye harusi, sendofu na hata misiba, picha za familia hupita kwenye skrini huku nyuma yake mawimbi au mawingu yakicheza. Siri yake ni tabaka mbili: video chini, picha juu. CapCut, programu ya kampuni ya ByteDance ya China, huziunganisha kwenye simu.

Video ya nyuma ndiyo huharibu kazi nyingi. Ikiwa na rangi kali au mwendo wa kasi, jicho humwacha bi harusi na kufuata maji. Ipunguze mwanga, itie ukungu kidogo, iende polepole. Kila picha ipe sekunde 4 au 5. Ya kundi kubwa iongezee, maana watu hutafutana humo.

Kabla ya siku yenyewe, waonyeshe video iliyokamilika watu wachache wanaoijua familia. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida, hubanwa na kupoteza ung'avu. Itume kama faili, ambako kikomo ni GB 2. Swali la "imependeza?" halisaidii. Uliza picha ipi imepita haraka, jina gani limekosewa, nani hayumo. Kwa msiba, wafiwa waione kwanza.