Kiwanda Kinachogeuka Upesi

Katika makabati ya wazee wetu bado vimo vitabu vyenye herufi tatu ndani ya jalada, T.M.P., na chini yake jina la Tabora. Vilitoka Kipalapala, nje kidogo ya mji, penye seminari kuu na kiwanda cha chapa cha wamisionari. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapo kwa miaka mingi. Baba yangu alijifunzia kazi hapo, nami nikajifunza kwake, na leo nina kiwanda kidogo cha chapa Tabora mjini. Nataka kueleza jambo moja ambalo kazi hii imenifundisha, kwa sababu wenye viwanda vidogo wengi wanalitafuta mahali lisipokuwepo. Wanadhani mshindani anawapita kwa ukubwa wa mtambo, kumbe anawapita kwa wepesi wa kuubadilishia kazi.

Chapa ni biashara ya kazi zisizofanana. Leo unaletewa vitabu vya stakabadhi vya chama cha msingi cha tumbaku, kesho mitihani ya kujipima ya shule, keshokutwa kadi za mchango wa harusi, halafu lebo za asali. Karatasi hazilingani, rangi ni mbalimbali, idadi haifanani, na kila mwenye kazi ana haraka. Baba aliizoea hali hiyo tangu Kipalapala. Gazeti lilikuwa na siku yake, halikungoja mtu, na kati ya toleo na toleo kulikuwa na vitabu vya sala, fomu na rejista za kuchapa. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mtambo unaozunguka haunisumbui. Unaonisumbua ni uliosimama unangoja kuvalishwa kazi nyingine."

Wakati wa herufi za risasi, kungoja huko kulikuwa kurefu. Fundi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vingi, akichomoa herufi moja moja na kuzipanga kinyumenyume ili chapa itoke sawa. Kiswahili kinakula herufi a nyingi zaidi kuliko lugha za Ulaya, kwa hiyo chumba cha a kilikuwa cha kwanza kwisha, na kazi ikakwama mpaka kurasa zilizokwisha chapwa zivunjwe, a zirudi kashani. Leo tuna kompyuta na ofseti, na pleti ya alumini inachomwa kwa dakika chache. Hata hivyo mtambo bado unasimama. Rola zioshwe wino wa kwanza, blanketi lifutwe, pleti ifungwe, karatasi ipangwe, kisha karatasi za kujaribia zipite mpaka rangi ikae mahali pake. Karatasi hizo hutupwa, na hakuna mteja anayekubali kuzilipia.

Tufanye hesabu. Tuseme maandalizi hayo yote, pamoja na muda wa mafundi na karatasi za kutupa, yanagharimu shilingi 60,000. Kazi ikiwa ya nakala 10,000, kila nakala inabeba shilingi 6 za maandalizi, na mteja wala hazioni. Kazi ikiwa ya nakala 300, kila nakala inabeba shilingi 200. Hapo ndipo viwanda vikubwa hukataa kazi ndogo, au hutaja bei ya kumfukuza mtu. Sasa yapunguze maandalizi yafike shilingi 15,000. Katika kazi ile ya nakala 300 kila nakala itabeba shilingi 50, na iliyokuwa hasara imekuwa biashara. Bei ya karatasi ni ile ile, umeme ni ule ule, mshahara wa fundi haujaguswa. Wataalamu wa viwanda huuita mpango wa namna hii uzalishaji nyumbufu, yaani kiwanda kimoja kuweza kutoa bidhaa nyingi tofauti, kwa idadi ndogo ndogo, bila gharama kupanda.

Aliyelifanya jambo hili kuwa elimu ni mhandisi Mjapani, Shigeo Shingo. Mwaka 1969 Toyota walikuwa na mtambo wa tani 1,000 wa kukandamiza mabati ya magari. Kubadilisha kalibu yake kulichukua saa 4, na walikuwa wamesikia kwamba Volkswagen ya Ujerumani wanaweza kwa saa 2. Kwa muda wa miezi 6 hivi Shingo na mafundi walifika dakika 90. Baadaye wakafika dakika 3. Alichofanya ni kuchambua kila tendo na kuuliza: je, hili lazima lifanywe mtambo ukiwa umesimama, au laweza kufanywa ukiwa bado unazunguka?

Swali hilo nimelileta karakanani kwangu, na sijaona lingine lenye faida kama hilo. Lebo za asali zikiwa bado zinazunguka, fundi mwingine amekwisha kata karatasi za stakabadhi, pleti yake iko mezani, na wino wake umechanganywa na kujaribiwa kwa kidole juu ya karatasi. Spana na bisibisi zimetundikwa ukutani, kila moja mahali pake, hakuna anayeinama kutafuta. Kazi tunazipanga kwa rangi, tukianza na nyepesi na kumalizia na nyeusi, maana kuosha njano ili uingize nyeusi ni rahisi, lakini kuosha nyeusi ili uingize njano ni kazi ya kukesha. Na kila fundi kwangu anajua kazi zaidi ya moja. Anayekata karatasi anajua kuchoma pleti, anayejalidi anajua kuendesha mtambo. Akiugua mmoja, kazi haifungwi.

Katika viwanda vya chuma wazo hili lilikwenda mbali zaidi, na mwanzo wake unatugusa sisi wa mkoa wa tumbaku kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Molins ya Deptford, London, ilikuwa ikiunda mashine za kutengenezea sigara. Katika miaka ya 1960 mhandisi wake Theo Williamson alibuni mpango alioupa jina la System 24. Mashine za kuchonga metali ziliongozwa na kompyuta, vipande vikihama kutoka mashine moja hadi nyingine, na shabaha ilikuwa kufanya kazi saa 24, usiku bila mafundi kusimama hapo. Siri yake mojawapo ilikuwa kufunga kila kipande juu ya sahani ya kipimo kimoja, hata kama umbo la kipande ni tofauti, ili mashine yoyote iweze kukipokea. Wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani, waliopita hapa kwetu Unyanyembe, wangeuelewa mpango huo bila kuelezwa. Ushanga, merikani au masango ya shaba, vyote vilifungwa mizigo ya karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na bega lolote liliupokea mzigo huo, njia iwe inakwenda Ujiji au Karagwe.

Halafu likaja somo ambalo ningependa kila mwenye kiwanda Tanzania alijue. Mwaka 1986 Ramchandran Jaikumar wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha mifumo ya aina hiyo ya Marekani na ya Japani. Mitambo ilikaribiana sana. Lakini kwa wastani mfumo mmoja wa Marekani ulitengeneza aina 10 za vipande, na wa Japani aina 93. Wamarekani walinunua mitambo inayoweza kugeuka, kisha wakaiendesha kama mitambo ya zamani, kitu kile kile kwa wingi. Wajapani waliwaweka wahandisi karibu na mtambo, wakawaacha waubadilishe na kuujaribu. Fedha ilinunua chuma tu. Wepesi ulitoka kwa watu.

Huku kwetu wepesi huo una maana zaidi, maana kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, penye viwanda vikubwa, ni kilomita zipatazo 840 kwa reli. Mzee mmoja mfuga nyuki aliingia kwangu asubuhi, tukaamkiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akaniambia, "Binti yangu, lebo ni 300 tu. Kikundi chetu tumebadilisha chupa, za zamani hazienei. Mtanikubalia?" Nikamjibu, "Karibu, baba, keshokutwa uzifuate." Kule Dar es Salaam mzee huyo angeambiwa achape maelfu, azihifadhi ndani, na siku chupa ikibadilika tena azichome moto. Asali ya miombo yetu ni nzuri, lakini sokoni inashindana kwa chupa, kwa lebo, kwa tarehe ya kuisha na namba ya toleo. Mkulima au mfugaji hawezi kubadilika upesi ikiwa wanaomhudumia hawabadiliki.

Ukubwa una mahali pake. Mtu akinijia na kitabu cha nakala 50,000 namwelekeza Dar es Salaam kwa moyo mweupe. Na wepesi una gharama zake. Fundi anayejua kazi tatu anahitaji muda wa kufundishwa na mshahara wa kumbakiza. Karatasi za aina nyingi ni fedha iliyolala rafu, kwa hiyo nimechagua vipimo vichache na kuwashawishi wateja wafuate hivyo. Mwenye kukubali kila kitu bila mpango atafilisika upesi kuliko aliyeshikilia kitu kimoja.

Nawaomba VETA, wenye vyuo vya ufundi, wamfundishe kijana fani yake pamoja na kazi jirani na hiyo fani, na SIDO, waliopo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, wafike karakanani na saa mkononi kabla ya kuzungumzia mkopo. Nawe mwenye kiwanda cha chapa, cha milango ya chuma, cha kushona sare au cha kukamua alizeti, kabla hujaenda benki kutafuta mtambo mpya, andika kwa mwezi mzima dakika ambazo mtambo ulio nao husimama kati ya kazi na kazi. Anza kuzipunguza hizo.