Simu Iliyogeuka Benki Nchini Kenya

Kabla ya mwaka 2007, mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kumpelekea mama yake fedha za matumizi huko Busia au Kitui alikuwa na njia chache. Aliweza kumkabidhi utingo wa basi bahasha na kumwomba Mungu ifike salama. Aliweza kununua hawala ya posta, ambayo mpokeaji alilazimika kuifuata mjini. Au alisafiri mwenyewe, na nauli ikamega sehemu ya fedha zilezile. Benki zilikuwako, lakini matawi yake yalikuwa mbali na wanavijiji.

Mwezi Machi mwaka huo, kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni kwa simu. Lakini ilidhihirika kwamba wananchi waliitumia kupelekeana fedha wao kwa wao, na waanzilishi wakawa na busara ya kufuata haja hiyo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mwananchi humpa wakala, aghalabu mwenye duka, fedha taslimu, naye huandikiwa kiasi kilekile katika simu yake. Akishakituma, mpokeaji huenda kwa wakala wa kijijini kwake, huonyesha kitambulisho, hutumia namba ya siri na kulipwa. Noti hazisafiri, amana ya wateja hubaki benki. Kinachosafiri ni hesabu.

Manufaa yake si madogo. Wanauchumi Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hii iliziondoa katika umaskini kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Sababu mojawapo ni kwamba mazao yanapoharibika au mgonjwa anapolazwa, msaada huweza kutoka kwa ndugu wengi, walio mbali na karibu, siku hiyohiyo.

Hata hivyo, njia inayopitisha msaada hupitisha deni pia. Mwezi Novemba mwaka 2012 ilianza huduma ya M-Shwari, iliyotoa mikopo midogo ya siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Kwa hesabu ya mwaka mzima, hiyo ni takriban asilimia 90. Wakopeshaji wengine waliofuata walithubutu hata kuwapigia simu jamaa za mdaiwa ili kumwaibisha. Wahenga walikwisha sema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ndipo sheria ya mwaka 2021 ikaipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji hao.

Tanzania, ambako M-Pesa iliingia mwaka 2008, nayo ina fundisho lake. Mwezi Julai mwaka 2021 Serikali ilianza kutoza miamala ya simu; wananchi wakalalamika, na mwezi Septemba tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Ni dhahiri, basi, kwamba chombo kipya hakimkomboi wala hakimnyonyi mtu kwa nguvu zake chenyewe. Linaloamua ni ada inayotozwa, sheria inayosimamia, na iwapo mkulima wa mwisho kijijini anapokea fedha alizotumiwa zikiwa kamili.