Huo Mche Ukutani Umetoka Wapi?

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Sisi tuliokulia Toronto tumeisikia hii methali kuhusu kazi za shule, meno, hata madeni. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar, methali hii ni kazi ya mikono kabisa.

Nyumba za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko. Chokaa inapitisha unyevu: ukuta unalowa, kisha unakauka. Sasa, paa likivuja au mlizamu wa maji ya mvua ukiziba, sehemu moja inabaki mbichi miezi na miezi. Kwanza unaona utando wa kijani, halafu majani madogo madogo. Siku moja ndege aliyekula tunda la mti wa jamii ya mkuyu anatua pale juu na kuacha kinyesi chenye mbegu. Mbegu inaota kwenye ufa. Mizizi inafuata maji ndani ya ukuta, inanenepa, inasukuma mawe.

Ukitaka kuona inakoishia, nenda Gedi, karibu na Malindi. Watu waliuhama mji ule karne ya 17, na leo miti mikubwa imekalia kuta zake. Kwa picha, pazuri sana. Ila hakuna anayelala pale.

Huku Toronto tunaona mimea inayotambaa kwenye majengo ya zamani na kusema, waa, inapendeza! Mingine inashikilia tu kwa nje. Mizizi ya mkuyu inaingia ndani.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini cheti hakipandi juu ya paa. Nyumba ya familia ina warithi kumi, wawili Muscat, mmoja London, wengine huku, na kila mtu anadhani mwenzake ameshashughulikia. Mche wa urefu wa kidole unang'olewa na mizizi yake asubuhi moja. Kisha zuia maji, ziba ufa kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa mawe yale, inafungia unyevu ndani.

Kwa hiyo shangazi akituma picha ya nyumba kwenye WhatsApp, usiishie kuweka kopa. Ikuze, tazama juu ya ukuta. Halafu andika: "Shikamoo shangazi. Hapo juu maji yanatoka wapi, na fundi ni shilingi ngapi?"